Mwaka Mama Redio Aliponyamaza

Asubuhi ya mwisho ya kawaida mke wangu aliniambia shati nimelivaa nje ndani. Nikalivua, nikaligeuza, nikalivaa. Akasema sasa vifungo vimepishana. Nikamwambia, "Ndiyo." Akaendelea kumenya viazi huku akinisimulia ndoto yake, na kabla hajaifikisha mwisho akahamia kwa jirani aliyeanika mashuka upande wetu wa ua, kisha kwa kuku, kisha akarudi kwangu. Chai ilikuwa na sukari nyingi. Nikainywa.

Kesho yake alianguka karibu na jiko. Hospitali alikaa siku nne bila kusema neno. Hizo nne siziandiki. Hakuwa yeye.

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wavulana, shule ya mapadri. Mimi nilikuwa seremala wa hapo hapo. Vitanda, madawati, mabenchi ya bwalo, vyote vilipita mikononi mwangu, na mabenchi yalipita mara nyingi zaidi kwa sababu vijana hawakai, wanajitupa. Karakana yangu ilipakana na jiko. Nilikuwa nikipiga randa huku namsikia. Yeye vijana walimwita Mama Redio. Mimi waliniita Mzee Ndiyo.

Watoto hatukujaliwa. Tulihangaika huku na huko, tukachoka, tukaacha. Ni jambo pekee nililomkuta hana maneno nalo. Lakini kati ya jiko na bwalo kulikuwa na dirisha la kugawia chakula, na kila kijana aliyepita pale na sahani alikuwa mwanangu. Mwanangu, mbona umekonda? Mwanangu, geuka, suruali imeachia nyuma. Wewe mwanangu jana ulipita mara mbili, unadhani sikukuona? Wavulana mia mbili, na kila mmoja alipewa maharage na maneno yake.

Ndipo akaja Padri Mkuu mpya. Mrefu, mkavu, mpole. Alikuwa na mazoea ya kuweka kidole mdomoni kila akiona watu wawili wamesimama pamoja, hata kama hawajaanza kuongea. Kabla ya wiki kwisha vijana walishamwita Padri Kidole.

Januari ile alimwita mke wangu ofisini. Nilikuwemo, nimepiga magoti natengeneza droo yake.

"Mama," akasema, "hapa mlo ni wa kimya. Kijana wa zamu anasoma kitabu cha dini, wengine wanakula na kusikiliza. Ndiyo desturi ya shule zetu."

"Naijua, Baba. Nzuri sana."

"Jana kijana alisoma ukurasa mzima, na nilipowauliza wenzake wamesikia nini, wakaniambia habari za tumbo la mwanafunzi wa kidato cha pili."

"Lilikuwa linamkata, Baba."

"Sasa tunajua wote."

"Nilimpa maji ya tangawizi."

"Hilo pia tunalijua." Akakunja mikono. "Mama, nakupa mwaka huu mmoja. Wakati wa mlo sauti yako isisikike. Ikisikika, utahamia kufulia, na jiko atalishika Bruda wa stoo."

Nikaona mke wangu amebadilika rangi. Kufulia kulikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya banda la nguruwe, mahali ambapo vijana hawaruhusiwi kufika. Angefua mashuka yao mpaka azeeke bila kumwona hata mmoja. Na Bruda wa stoo tulishamwonja. Alipika siku tatu mke wangu alipougua malaria. Alipima chumvi kwa mizani ya mahindi. Siku ya pili vijana walituma mjumbe kuuliza wamekosa nini.

"Mwaka mzima, Baba?"

"Mwaka mzima."

"Na nikipiga chafya?"

Padri akafikiri. "Chafya ni ya Mungu."

Tukatoka. Njiani akaniambia, "Umemsikia?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa kimya tu na msumari mdomoni!"

Wiki ya kwanza aliweka harage bichi chini ya ulimi, limkumbushe. Alilimeza siku ya Jumatatu. Jumanne akalimeza tena. Jumatano akaweka kokwa ya zaituni, na Alhamisi ikabidi nimpige mgongoni mpaka ikatoka. Baada ya hapo akafunga kitambaa mdomoni, kama watu wa hospitali, na Padri Kidole akamsifu kwa usafi.

Vijana walipata tabu zaidi yake. Walifika dirishani, wakasimama, wakangoja. Hakuna neno. Mmoja alikuja kuniuliza karakanani kama Mama Redio amefiwa. Mwingine aliuliza kama betri zimekwisha.

Mimi ndiye niliyebeba mzigo. Maneno yaliyokuwa ya watu mia mbili sasa yalikuwa ya mtu mmoja. Alianza tukitoka getini na hakupumua mpaka tunavua viatu. Yule wa benchi la saba hali kabichi. Yule mgeni analia kwenye uji, nimemwona, uji una chumvi yake mwenyewe. Wale mapacha wanabadilishana sahani. Nikawa nawajua vijana wote kwa matumbo yao, mimi niliyekuwa nawajua kwa vitanda tu.

Mwezi wa tatu, siku ya wali, yule mgeni anayelia kwenye uji alirukwa. Foleni ilimsukuma, akapita dirisha sahani ikiwa bado tupu, akaogopa kusema kwa sababu ni mlo, akaenda kukaa nayo hivyo hivyo. Mke wangu akamwona. Akafungua mdomo. Mimi nilikuwa mlangoni na benchi begani, nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Akaufunga. Akachukua upawa wa chuma, akagonga ukingo wa sufuria mara tatu kwa hasira. Kijana akageuka. Mke wangu akamwonyeshea sahani ile tupu, akamwita kwa kidole. Akamjazia.

Bwalo zima likaona kwamba ukigongwa mara tatu, kuna chakula.

Siku ya pili akagonga tatu tena, kwa makusudi, kwa sababu wali ulibaki. Wakaja. Wiki iliyofuata akaongeza kugonga mara moja tu: kaeni, tulieni. Mara mbili: nani huyo anabakiza? Na kukwaruza chini ya sufuria polepole maana yake ilikuwa nimekuona wewe, na unajua ni wewe. Hapo mapacha waliacha kubadilishana sahani.

Hakuna aliyefundishwa. Vijana walishika lugha ile kwa siku chache, wao ambao Kilatini kiliwashinda miaka minne. Hata mimi niliingia. Nyumbani akigonga kikombe kwa bahati mbaya mara tatu, nilijikuta nimesimama na sahani.

Padri Kidole alikuwa anakula meza ya juu, ambayo ilipakana na dirisha lile lile, na alifurahi. Mlo kimya, msomaji anasikika, vijana wanainuka na kukaa kwa utaratibu. Milio ya upawa aliichukulia kuwa ni kazi za jiko. Mwaka mzima waliovunja kimya ni wawili tu: paka aliyeanguka kutoka kwenye paa, na Bruda wa stoo, ambaye paka alimwangukia yeye.

Basi ukafika mwezi wa kumi na moja. Askofu akatuma habari anakuja kuagana na wanaomaliza, na atakula na vijana bwaloni. Padri Kidole hakulala vizuri wiki hiyo, ilionekana machoni. Alinifanya nikaze kila benchi. Alimwambia mke wangu, "Mama, umeshinda. Bado mlo huu mmoja tu na wiki mbili za mitihani. Usiniangushe." Mke wangu akaitikia kwa kichwa, ingawa haikuwa saa ya kula. Alishaogopa hata saa nyingine.

Askofu alikuwa mzee mnene, sauti ndogo. Alikula nusu ya nyama yake. Akaona afadhali aseme mapema, kabla usingizi wa chakula haujamjia. Akasimama, akachukua kijiko, akagonga glasi yake mara tatu.

Vijana mia mbili waliinuka kama mtu mmoja.

Benchi mbili zilianguka. Moja nilikuwa nimeikaza asubuhi ile. Wakachukua sahani, wakaja upande ulikotoka mlio, yaani kwa Askofu. Na kwa kuwa ni mlo, walikuja bila sauti. Ni hicho ninachokiona mpaka leo. Viatu tu.

Askofu alidhani wanataka baraka. Akainua mkono. Kijana wa mbele akainamisha kichwa kwa adabu, akapokea baraka, halafu akasogeza sahani. Askofu akaitazama sahani. Akamtazama Padri Kidole. Akachukua kipande cha nyama yake, akakiweka. Wa pili akasogeza yake. Akaweka kingine. Wa tano alipata mfupa. Wa sita alipata kiazi alichokuwa ameshakiuma.

Padri Kidole alikuwa ameweka vidole viwili mdomoni.

Nikamtazama mke wangu pale dirishani. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya kitambaa. Neno moja tu lingewarudisha. "Wanangu, kaeni." Na akilisema, keshokutwa yuko kwenye mashuka. Akishindwa kusema, wanamla Askofu. Kisha akainua upawa, akagonga mara moja.

Wote wakakaa. Pale pale walipokuwa, wengine chini sakafuni, sahani mapajani.

Padri Kidole akageuka polepole, akautazama upawa. Nikaona miezi minane yote ya upawa inapita usoni mwake, pigo moja moja.

"Mama," akasema, "ni wewe?"

Mke wangu akaweka kidole mdomoni.

Askofu akauliza kuna nini. Padri Kidole akaeleza. Mwaka mmoja, sauti isitoke, vinginevyo kufulia. Alieleza kwa haki, hakuongeza wala kupunguza, na kwa hilo nilimheshimu.

"Na sauti imetoka?" Askofu akauliza.

"Upawa, Baba Askofu."

"Upawa ulikuwemo kwenye sheria?"

Padri Kidole akafikiri kama alivyofikiria chafya. "Haukuwemo."

"Basi huyu mama anabaki na jiko lake." Askofu akakaa, kiti kikalia. "Mama, mimi nakuruhusu. Vua hicho kitambaa useme unachotaka."

Alibaki na jiko lile miaka kumi na tisa mingine. Lakini wakati ule hatukujua hilo, tulijua tu kwamba ana ruhusa, na ana maneno ya tangu Januari. Nilishika benchi. Siku ya maziko yake walikuja vijana wale, sasa wanaume wenye vipara, baba za watu, wakabishana kaburini alisema nini siku ile. Mmoja anasema aliomba msamaha. Mwingine anasema alihubiri nusu saa. Si kweli. Alivua kitambaa, akawapitisha macho wale waliokaa sakafuni, mmoja mmoja, akaitazama sahani tupu ya Askofu, akasema:

"Baba Askofu, usiwaonee huruma hawa wanangu, wameshakula wote, wewe lete sahani."