Samaki wa Maman Henriette

Miaka sita Léonce alisuka nywele za wanawake pale Umbilo Road, Durban, na mteja hata mmoja hakulalamika. Mtu mmoja tu hakupenda kazi ya vidole vyake: Maman Henriette, mama ya Tina, yule msichana aliyetaka kumuoa.

"Mwanaume wa kusuka," mama alisema, "atalisha mtoto wangu nini? Mabutu?"

Léonce damu ikamchemka. "Maman, Jumamosi saa moja ya mangaribi ukuje kwangu. Utakula samaki nimevua mie mwenyewe."

Sasa, neno hilo humuambii mama wa Uvira kwa mchezo. Maman Henriette alikulia kando ya ziwa Tanganyika; samaki anamjua jina, ukoo na tabia. Léonce naye alitoka kule na miaka mitano, na samaki aliyezoeana naye ni wa kopo.

Akakimbilia kwa rafiki yake Mwaura, Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu anayekaa Morningside, ambaye kila Jumamosi ya baridi anapanda milimani kuvua trauti, samaki wa maji baridi.

"Prof, unipeleke."

"Twende, bana. Kuna nafasi kwa gari."

Jumamosi hiyo waliacha Durban adhuhuri watu wamevaa tisheti. Saa mbili baadaye, kule bwawani, upepo uliwachapa kama wana deni la zamani. Léonce akashuka na ndoo ya barafu, ndimu, chumvi na pilipili. Mwaura akaitazama ndoo.

Kisha akavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, akafungua kasha la nzi. Si nzi wa kuruka, hapana: ni manyoya na nywele zilizofungwa kwa uzi juu ya ndoano, samaki adanganyike.

Léonce akaokota mmoja, akamgeuza geuza. "Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Inaonekana. Mteja wangu angenipiga na kitana."

Mwaura akaanza kurusha. Mshipi ulienda nyuma, ukaja mbele, ukakamata kichaka. Akarusha tena, ukakamata kofia yake. Kila mara Léonce alikaa kwenye majani akifungua mafundo, na jua la baridi, halina subira lile, likaanza kuteremka nyuma ya mlima saa kumi haijafika.

"Prof, samaki?"

"Tulia. Hii ni sayansi."

"Sayansi hailiwi. Maman Henriette ataketi mezani saa moja."

Vidole vya Mwaura vikafa ganzi. "Nishikie fimbo, nikamimine chai."

Hajafika kwa gari, fimbo ikapinda.

"Prof! Iko anavuta!"

"Usivute! Mwachie! Vuta! Mwachie!" Mwaura alikuja mbio, chai yote mapajani.

Léonce hakumsikiliza. Alivuta kama anavyovuta nywele za mteja mwenye kidonda kichwani, polepole, mpaka samaki akafika miguuni: mrefu kama mkono mpaka kiwiko, mstari wa waridi ubavuni.

"Kisu, prof."

"Léonce..."

"Kisu!"

"Hapa hatuchukui samaki. Unapiga picha, unamrudisha. Ndiyo sheria ya bwawa."

"Na ndoo umeiona toka Umbilo!"

"Sikuwa na wasiwasi. Huu mwaka wa tatu nakuja hapa. Sheria hiyo sijawahi kuifikia."

Léonce akaangalia ndoo. Akaangalia gari.

"Jina langu liko kwa kitabu pale getini," Mwaura akasema, sauti chini. "Ukimbeba, mimi sirudi hapa tena."

"Unarudi kufanya nini, we mtu? Hushiki kitu!"

"Ndiyo maana nataka kurudi."

Eish. Léonce akatukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kizulu. Kisha akainama, akamuweka samaki majini. Samaki akaenda zake, hata kuaga hakuaga.

Getini simu ilipopata mtandao, akapiga mwenyewe, kabla roho haijabadilika.

"Maman, samaki nimeshika."

"Aaa!"

"Nimemurudisha."

"Alikuwa wa mtu?"

"Hapana. Ni sheria ya bwawa, ukishika unarudisha. Rafiki yangu aliyenileta huku, saa mbili toka Durban, angepata haya."

"Kilo ngapi?"

"Moja. Pengine na kidogo."

"Moja," mama akasema. "Muongo angesema tano." Akavuta pumzi. "Nunua kuku, weka maji ya kusonga bukari kwa moto. Nakuja. Na huyo rafiki usimuache. Nataka kuona mutu muzima anasafiri saa mbili kwenda kufukuza chakula."