Mistari ya Chaki Ukutani kwa Fundi

Ligi ya mtaa ilipokwisha, wachezaji wa voliboli walitawanyika, kila mmoja na shughuli zake, na mpira ukawekwa juu ya kabati la mwalimu aliyekuwa kocha wao. Kabla hawajaagana, mwalimu aliwaambia kwamba baada ya miezi minne nafasi ya katikati ya wavu ingeshindaniwa upya. Hakumtaja mtu, lakini macho yote yalimwendea Fundi, mshona nguo wa miaka arobaini na mmoja aliyeishika nafasi hiyo tangu timu ianze. Kisha yakahamia kwa msusi mmoja kijana, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake.

Twiga alijiona kafika. Miezi mitatu na ushee akawa mtu wa kusuka, kula na kulala, mpaka zipu ya gauni lake jipya ikagoma kufunga. Akalibeba kwa Fundi.

Alimkuta akipiga nguo pasi huku amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, anapanda na kushuka kana kwamba sakafu ina moto. Fundi alimzungushia tepu kiunoni, akaitazama, akamtazama na yeye.

"Mdogo wangu, hili gauni halijapungua."

Wakacheka wote wawili. Lakini Twiga alipogeuka ili apimwe mgongo, kicheko kilimkauka. Ukuta wa nyuma ya mlango ulikuwa na mistari ya chaki ya kushonea, myeupe, ya buluu, ya waridi, karibu mia, imesongamana kama meno ya kitana. Kila mmoja ulikuwa na tarehe yake, alama ya mahali vidole vilipofika kwa kuruka. Ya mwanzoni yote ilikuwa mahali pamoja: wiki tano nzima mwanamke huyu aliruka bila kupanda hata upana wa kidole, na kesho yake akaruka tena. Baada ya hapo mistari ilianza kupanda, kidogo kidogo, mpaka ikapanda zaidi ya kiganja kizima.

Fundi akaeleza kwa haya kwamba hapati muda wa kwenda uwanjani. Kutwa yuko kwenye cherehani, basi kabla ya kufunga duka huruka mara ishirini. Wanawe walimwonya kwamba kwa vishindo hivyo mwenye nyumba atawafukuza. Twiga akauliza kwa nini kila siku ina mstari mmoja tu.

"Napima mruko wa mwisho," Fundi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Ule wa kwanza kila mtu anao."

Wiki iliyofuata walikutana uwanjani. Mwalimu alikuwa amefunga ubao wa kupimia kwenye nguzo, na kila mmoja aliruka mara moja. Fundi akagusa pa juu, akapigiwa makofi. Twiga akampita kwa vidole viwili.

Mwalimu akafungua kalamu. Nafasi ilikuwa ya Twiga; alichotakiwa ni kunyamaza tu. Akashindwa.

"Mwalimu, mechi siyo mruko mmoja. Turuke ishirini, upime wa mwisho."

Wenzake walimuuliza kama jua limempiga kichwani. Fundi aliinama, akakaza kamba za viatu.

Wakaruka kwa zamu. Kwenye wa tisa Twiga alikuwa ameshuka vidole vitatu. Kwenye wa kumi na mbili miguu ilikuwa kama ya kuazima. Wa kumi na tano ulimkalisha kwenye mchanga, mbavu zinamchoma, na hakuweza kuendelea.

Fundi aliendelea peke yake. Alipanda, akagusa, akashuka, bila pupa, kama anayeshona pindo refu na anajua litakwisha. Twiga akajikuta anamhesabia kwa sauti: kumi na sita, kumi na saba. Kwenye ishirini vidole vya Fundi viligonga ubao palepale vilipogonga mwanzo, na Twiga, aliyekuwa amesahau kabisa kwamba ameshindwa, akagundua kuwa amesimama.