Wakili wa Madereva Walevi

Wakili huyu hapandishi sauti. Hufuta miwani kwa ncha ya tai, humwita kila mtu "ndugu yangu", hata hakimu anapomkanya, na vidole vyake hupekua karatasi taratibu kama mtu anayechambua mchele. Haulizi kamwe kama dereva alikunywa. Leo, katika kesi ya mlevi aliyemgonga dada yangu, alimuuliza askari jambo moja tu: mrija wa kipima ulevi ulifunguliwa mbele ya dereva, kama sheria inavyotaka? Askari akakiri kwamba hapana. Alikuwa ameifungua mirija yote mapema, ili kupunguza foleni barabarani. Basi! Kipimo kikatupwa, kesi ikafutwa, leseni ikarudi kwa mwenyewe. Na mguu wa dada yangu je, nao utarudishwa na nani? Faini ipo, kifungo kipo, sheria imeandikwa ikaandikika, kumbe yote hayo hushindwa na kijimrija!

Nje mvua ilikuwa inamwagika. Dereva, macho mekundu na pombe ikimnuka asubuhi yote ile, akachezesha funguo za gari. "Wakili wangu, panda nikufikishe ofisini." Wakili akamtazama usoni, akazitazama funguo, akaivua miwani na kuifuta.

"Tangulia tu, ndugu yangu. Mimi nitatembea."

Akajifunika faili kichwani, akaingia mvuani na viatu vyake vinavyong'aa. Dada yangu, akiegemea magongo, akamsindikiza kwa macho.

"Kumbe anajua," akasema.