Samaki wa posa

Nijicheke mwenyewe kwanza, kabla nyinyi hamjaanza, maana Kisangani nzima ilishacheka, hata nzi wa sokoni walinijua: mimi ndiye mpiga picha aliyewalisha wajomba wa mchumba wake sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, siku ya posa.

Mnajua ugonjwa wangu ni mto. Ukijaa napiga picha, ukipungua napiga, ukivaa ukungu naacha chai inapoa (watu walisema nitauoa). Bon, asubuhi ile papa yake Bernadette mchumba wangu, mvuvi wa Kigenya aliyezaliwa juu ya maji, akaniita kwenye maporomoko tuinue mtego, wajomba waliotoka Isangi wapate kula samaki, ndipo watoe jibu. Ningeenda mikono mitupu, haya yote yasingetokea! Lakini nikajiambia, picha moja tu, nikaning'iniza kamera shingoni.

Kikapu kikubwa kikatoka majini, ndani samaki mboto mnene kama padri (naapa, alikuwa na kidevu), maji yanaruka, jua limepiga palepale, nami nikasahau ukwe, nikapaza sauti kama nilivyozoea studio: "Papa, bouge pas!"

Sasa, mzee alishawahi kutikisika mbele ya kamera akatoka na vichwa viwili, mtaa ukamcheka mpaka masika. Akaganda kama nguzo, pumzi kaikata, kikapu kimeinama, mdomo wazi (wa kikapu na wake). Mboto akatoka polepole, kama abiria anayeshuka bandarini.

"Papa, samaki!" akalia shemeji, kaka yake Bernadette aliyekuwa akivuta nasi.

"Nyamaza! Bokilo amesema nisitikisike!" mzee akajibu bila kusogeza midomo (bokilo ni mimi, mkwe).

Wajomba walikula sombe. Mkubwa wao akanitazama: "Donc, mutoto yetu atakula picha?" Jibu likaahirishwa. Papa akaniambia, "Utarudi tuinue mutego. Ile sanduku yako ibaki nyumba."

Nikarudi bila kamera. Na mto, kwa uchokozi wake, ukatandika upinde wa mvua ng'ambo hadi ng'ambo, ukungu wa dhahabu, wavuvi wote juu ya miti yao ya kuning'inizia mitego, kitu ambacho sijakiona tena, nami nimeshika kikapu kwa mikono miwili!

"Unalia nini, bokilo?"

"Ni maji tu, papa."

Safari hii samaki walifika mezani, na Bernadette nilimpata. Lakini niliapa: kwa wakwe sipeleki tena kamera, na mtoni sikanyagi bila kamera, na kwao ni hukohuko mtoni, alors papa bokilo akitamani kuniona, aje yeye kwangu.