Maua ya Asili Yaliyoitwa Pori

Juzi kwenye ofisi ya mtaa huku Kisesa, mbele yangu alisimama mama mtu mzima aliyeitwa kwa kosa la kuacha kiwanja chake kiwe pori.

"Si pori, mwanangu," alimwambia karani. "Ni maua yetu ya asili. Nimeyapanda kwa ajili ya nyuki, na kila mvua yanachipua upya."

Karani akapangusa uso. "Hata kwangu maboga yanachanua tu, hayazai. Nyuki siwaoni."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa, mama. Lakini barua ya kufyeka imeshachapwa." Akagonga muhuri.

Mama akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jumamosi nilipita kwake. Kiwanja kilikuwa cheupe, hakuna ua hata moja. Ndivyo tulivyo: tunaelewa kabisa, halafu tunafyeka.