Nilivyomshusha Mkunga wa Masama

Nilipanda Masama kwa hasira. Mdogo wangu Anande, mkunga katika zahanati moja ya huko juu, alinipigia simu akilia: "Dada, jana nimesinzia nimesimama, mkasi mkononi." Mwenzake alihamishwa, hakuletwa mwingine, akabaki peke yake mchana na usiku. Siku moja usingizi ukampitia, mjamzito akajifungulia mlangoni huku akigonga. Mtoto alipona, lakini bibi wa mtoto, Mama Elisante, alimtukana Anande nje ya kanisa, watu wote wanasikia. Nikasema basi, yametosha. Namfuata nimrudishe nyumbani alale, kazi ikifa na ife.

Kwangu Kahe niliondoka kungali na umande, vitunguu vyangu nikaviacha na kiu. Moshi mjini nilibadilisha gari bila hata kunywa chai.

Bomang'ombe nilichukua bodaboda. Nilipomtajia dereva ile zahanati, akacheka. "Aa, kwa yule sista wa usingizi?" Nilimwambia aangalie barabara, na kama mkewe ana mimba, aombe Mungu sista huyo awe macho. Akakaza macho barabarani mpaka tunafika.

Masama kulikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji. Nilipiga hodi kwenye zahanati, sauti ya Anande ikanijibu kutoka ndani, kali: "Nani? Kama ni mwanamke ingia, nawa mikono!" Niliingia. Mama mmoja alikuwa ametoka kujifungua, mtoto analia ndani ya kanga, na damu ya mama haikatiki. Anande alikuwa amemkandamiza tumbo kwa nguvu zake zote. Hata hakunisalimia.

"Dada, shika hii dripu juu. Usiishushe."

Nikashika mpaka bega likafa ganzi. Gari la wagonjwa lilishaitwa, ila lilikuwa linatoka mbali. Nilimwangalia yule mama, midomo inampauka. Nikamwangalia mdogo wangu, miguu imevimba mpaka inamwagika nje ya viatu, macho mekundu. Jamani, niliogopa! Nilikuwa sijui yupi kati yao ataanguka kwanza. Na Anande anaongea tu, hanyamazi: "Usilale, mama. Niambie, mtoto utamwita nani? Eh? Niambie." Hatimaye damu ikapungua, kisha ikakata. Gari lilipofika, mama na mtoto wakapelekwa kuangaliwa zaidi, wote wazima. Anande akajikalisha sakafuni, akaegemea ukuta.

Alasiri nilikuwa nafungasha nguo zake. Alikuwa amempigia mkubwa wake kuomba mapumziko, akaambiwa avumilie. Mara nikamwona Mama Elisante anakuja, ameshika isale mkononi. Isale ni lile jani ambalo kwetu Uchagani mkosaji humletea aliyemkosea, na ukishaletewa huwezi kukataa kusamehe. Ebo! Nikajua nimezidiwa ujanja. Begi lote hili nitalifungua.

"Shikamoo, mama," Anande alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea mbele za watu. Pokea."

Anande akapokea kwa mikono miwili. Mama Elisante akashusha pumzi, kisha akaliona begi.

"Sasa hili la nini tena? Si umepokea isale?"

"Nimepokea, mama, na sina kinyongo. Lakini isale haliniondolei usingizi. Nimechoka. Nashuka na dada."

Yule mama aligusa mkanda wa begi. "Binti yangu mdogo amekaribia kujifungua," akasema polepole. "Unajua."

"Najua. Mimi ndiye ninayempima."

Nilisubiri alie, au amtukane tena, nami nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Badala yake aliinama, akajitwika begi mwenyewe, akalipeleka hadi kwenye bodaboda iliyokuwa ikitusubiri. Nilimshukuru kwa sauti ndogo sana, maana hasira niliyopanda nayo sikuiona tena.

Ndani ya gari la kurudi Anande alilala begani kwangu. Kahe nikamlaza kitandani kwangu, nikaizima simu yake, nikaifukia kwenye debe la unga.

Kesho yake jioni ndipo alipoamka. Alikula ndizi sahani mbili, akanywa maziwa, nami kwa furaha nikamtania kwamba anakoroma kama trekta. Hakucheka.

"Dada, binti wa Mama Elisante akishikwa na uchungu sasa hivi, pale yuko nani?"

Nilikuwa nimekwenda kupambana na mama mmoja mwenye mdomo mchafu, kumbe si yeye aliyemchosha mdogo wangu. Kule juu mkunga akilala hakuna mkunga, na asipolala, hakuna mkunga pia. Nililielewa hilo nikiwa nimesimama jikoni kwangu, mtu niliyemwokoa ananitazama anasubiri jibu.

Nikaitoa simu kwenye unga, nikaiwasha. Haikumaliza hata kuwaka, ikaanza kuita.