Kamba za Dobi Msituni

Dobi alikuwa na mume mmoja na adui mmoja, na adui mwenyewe ni mvua ya alasiri. Kila siku, watu wakianza kusinzia baada ya kula, wingu lilijikusanya juu ya msitu nyuma ya nyumba, naye akatoka mbio kuanua mashuka ya nyumba ya wageni huku akiitukana mvua na ukoo wake wote.

Kisha mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Kiberiti, akapata kibarua cha kumchomea tajiri msitu ili apate malisho ya ng'ombe. Alichoma kwa moyo mmoja, maana ni kazi gani nyingine utalipwa kwa kusimama ukitazama moto? Kila mti ulioungua ulitema hewa ya ukaa uliyoibana tumboni tangu enzi za babu wa babu, ikatanda angani kama blanketi ambalo hakuna aliyeliomba. Joto likapanda. Na kwa kuwa majani yale yale ndiyo yaliyokuwa yakipumua unyevu wa kutengeneza wingu, wingu nalo likaacha kuja, hata kuaga halikuaga. Tajiri akapata malisho yasiyo na nyasi.

Dobi akawa amemshinda adui, akarithi majivu. Shuka jeupe likianikwa asubuhi, linaanuliwa likiwa na rangi ya panya. Kijito alichofulia kikakonda. Ukabaki msitu kidogo tu, pale kijito kinapoanzia.

"Kesho namalizia ule," Kiberiti akasema akitafuna.

"Ukiuchoma, maji yatatoka wapi? Nitafulia mate?"

"Si wewe uliyekuwa ukiichukia mvua?"

"Hata mama yako nilimchukia. Mbona sikumchoma?"

Asubuhi Kiberiti alifika na dumu la mafuta ya taa, akakuta kamba zimefungwa mti hadi mti. Mashuka ya wageni, magwanda ya mkuu wa polisi, na katikati chupi za tajiri, pana kama mapazia. Dobi alikuwa amekalia beseni lililopinduliwa, anajipepea.

"Mama watoto, toa nguo."

"Hazijakauka."

"Zikikauka?"

"Nitaleta nyingine. Mji huu hauishiwi uchafu."

Kiberiti akayatazama magwanda, akazitazama chupi za bosi wake. Akafunga dumu, akaenda kumwambia tajiri kwamba kazi imesimama, na akitaka iendelee, aje mwenyewe kuanua chupi zake mbele ya watu.